Daktari Aliyerudisha Ngozi

Daktari wa ngozi hakupenda kuguswa. Ukimpa mkono aliupokea kwa ncha za vidole, kama mtu anayepokea kiazi cha moto, kisha akaurudisha wake haraka. Kanisani, watu walipogeukiana kupeana amani, yeye alikusanya gauni lake akainama kufunga kamba za viatu. Lakini huyohuyo, akiletewa mgonjwa ambaye hata ndugu zake walimsukumia sahani ya chakula kwa fimbo, alikaa naye goti kwa goti, akaishika mikono yake bila glavu, akaipapasa kidole kimoja kimoja huku akimuuliza habari za shamba na watoto. Tulikuwa majirani Tukuyu kwa miaka mingi, tumetenganishwa na ua wa michongoma tu, na mpaka leo sijaweza kuziweka tabia hizo mbili ndani ya mtu mmoja zikakaa kwa amani.

Sijui alizaliwa wapi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio, hakikuegemea mkoa wowote, na Kinyakyusa hakukijua isipokuwa neno moja, "ndaga", ambalo alilitumia kusalimia, kushukuru, kuaga na kuomba radhi. Watu walimwita Daktari. Wazee wetu, ambao ulimi wao unaona tabu na herufi fulani, walimwita Dakitali. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye aliniita Mwalimu hata baada ya kula kwangu ndizi na maharage mara zisizo na hesabu. Kwa kuwa mimi ni Mnyakyusa wa hapahapa, nikawa mkalimani wake siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Ndiyo maana niliyaona niliyoyaona.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza mwasho. Marehemu mume wangu alicheka sana aliposikia. "Yaani serikali imemsomesha Ulaya miaka yote hiyo aje kutazama watu wanavyojikuna?"

Nilimfikishia Daktari maneno hayo, naye hakukasirika. Alisema, "Maumivu yanakuambia, ondoa mkono. Mwasho unakuambia, lete mkono. Ni habari mbili tofauti, Mwalimu, na kila moja ina njia yake mwilini. Njia ya maumivu wengi wameipita. Mimi naitafuta hii nyingine."

Aliitafuta kwa wachuma chai. Watu wa kijiji cha Lupepo walikuwa wakienda kuchuma kwenye mashamba makubwa, na wengi walitoka ukurutu mikononi na mabegani, sijui kwa umande, utomvu au dawa za kupulizia. Daktari aliwapa mafuta ya kupaka, ukurutu ukapona. Hapo ndipo penye kitendawili chake. Kwa baadhi yao, ngozi ilirudi safi, laini kama ya mtoto, lakini mwasho ukabaki. Mtu anakuonyesha mkono usio na hata chunusi, na wakati huohuo anaukuna mpaka damu inatoka. Majumbani walianza kusema ni mambo ya kurogwa. Daktari alisema hapana, kuna kitu kimebadilika ndani ya ngozi yenyewe, kwenye vile vijinyuzi vidogo vya fahamu, na akipata kuviona atajua.

Ili kuviona alihitaji ngozi. Kipande kidogo, si zaidi ya punje ya ulezi, kilichokatwa baada ya sindano ya ganzi, kikatiwa kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi. Juu ya kichupa alibandika jina la mwenyewe na sehemu kilipotoka: mkono wa kuume, bega la kushoto. Vichupa alivipanga kwenye kabati la mbao sebuleni kwake, mahali ambapo wengine tunaweka vikombe vya wageni. Nilipozoea kuingia mle nilikuwa nakaa nimelipa kabati mgongo. Hakuna aliyenifundisha kuogopa. Ni kwamba niliwafahamu wale watu. Wengine niliwafundishia watoto wao. Kukaa mbele ya vipande vyao vikielea kimya kulinifanya nijisikie kama nimeingia kwenye mkutano ambao sikualikwa.

Mimi mwenyewe alinipima mara nyingi. Alikuwa na vipande vya mshipi wa kuvulia samaki, vya unene tofauti, amevigandisha kwenye vijiti. "Funga macho. Niambie ukihisi." Ananigusa mkono kwa mshipi mnene, kisha mwembamba, kisha mwembamba zaidi, mpaka nafika mahali sijui kama nimeguswa au nimewaza tu kuguswa. Siku moja nikasema, "Hapo umenigusa." Akasema, "Sijakugusa bado." Nikafungua macho nikamkuta amekaa mbali, mikono ameikunja kifuani. Alifurahi kuliko siku zote. "Unaona? Ngozi haisubiri kuguswa. Inakisia."

Yeye mwenyewe hakujihurumia. Alijipaka upupu mkononi, unywele kwa unywele, akakaa akitazama saa huku machozi yakimtoka. Kisha akapaka nusu ya sehemu ile maji aliyochemshia magome ya mjafari, ule mti wa msituni wenye miiba minene kama vifundo, ambao bibi zetu walitafuna gome lake jino likiuma, na ulimi ukafa ganzi. Aliamini kwamba ndani ya gome lile kuna kitu kinachoweza kunyamazisha mwasho bila kunyamazisha mguso. Alichemsha, alichuja, alikausha, alipima. Jikoni kwake kulinuka pilipili na msitu. Dawa ilishika kwa muda wa kupika chai, kisha mwasho ukarudi. "Kuna vitu vingi ndani ya gome," alisema. "Nimeshika mkia, sijashika mnyama."

Alikuwa mkali. Mitumba ilipoanza kumwagwa chini sokoni Tukuyu, alipita akiwakemea akina mama waliowavika watoto wachanga masweta ya sufu kabla ya kuyafua. Na krimu za kujichubua zilipofika, zikapangwa pale na masanduku yake yenye picha za wasichana weupe, alimshika kidevu mbele za watu msichana mmoja muuza nyanya, akamgeuzia uso kwenye mwanga.

"Nani kakuuzia hii?"

"Nimenunua mwenyewe, Daktari. Siku hizi ni ruksa."

"Ruksa," alisema Daktari. "Ngozi yako haijui ruksa." Akamwachia. Kesho yake alimpelekea mafuta ya kutuliza, akakaa naye kwenye gunia la viazi mchana mzima bila kumsema tena.

Hakusali, lakini Jumapili aliketi benchi la nyuma la kanisa letu. Alisema sauti za kina baba wakiimba besi zinaingia mwilini kupitia mbao za benchi, na kwamba huo nao ni mguso. Nadhani ndio pekee alioupokea bila kurudisha mkono.

Sasa niseme habari za Ambokile.

Ambokile alikuwa mchuma chai wa Lupepo, mtu wa makamo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Yeye ndiye aliyewakusanya watu siku ya kwanza Daktari alipokwenda kule kuomba ngozi. Watu walisitasita, wanatazamana. Ambokile akavua shati, akampa Daktari mgongo. "Mgongo huu umebeba vikapu vya chai ya watu miaka yote," alisema. "Utashindwa kutoa punje moja?" Wakacheka, wakapanga mstari. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliopona ukurutu wakabaki na mwasho, kwenye bega la kushoto, upande wa nyuma, mahali mkono wako mwenyewe haufiki.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha wafadhili wa nje waliokuwa wakigharamia utafiti wakaandika kwamba mradi umefikia mwisho. Gari likachukuliwa. Dawa za kutia rangi, ambazo Daktari alizihitaji ili aone vile vijinyuzi kwenye darubini, zilikuwa zimeahidiwa, hazikuja. Shamba la chai likapata mwenyewe mpya, na chumba alichotibia kikageuzwa stoo ya mbolea. Wenzake walipunguzwa kazi. Yeye alibaki na nyumba ya kupanga na kabati lake. "Nasubiri rangi tu," aliniambia. "Majibu yako mle ndani tayari. Yamekaa yananisubiri."

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimepata mnunuzi. Mashamba, viwanda, vyuma chakavu, hata nywele za saluni. Watu walipoamka asubuhi walikuta kitu kingine walichodhani ni cha wote kina mwenyewe. Basi uvumi ulipokuja kutoka upande wa mpakani, kwamba kuna watu wanauawa na kuchunwa ngozi, na kwamba ngozi hizo zina bei, haukupata wa kuupinga. Kama mengine yote yanauzwa, kwa nini ngozi isiuzwe? Wazazi walianza kuwasindikiza watoto shuleni. Wageni hawakukaribishwa maji. Na siku moja sokoni niliona mama mmoja akimvuta mwanawe upande wake wa pili Daktari alipokuwa anapita. Daktari naye aliona. Alinunua vitunguu vyake, akarudi nyumbani, na jioni ile mawe mawili matatu yakaanguka juu ya bati lake.

"Ni watoto," alisema nilipokimbilia kule.

"Daktari, si watoto."

"Najua," alisema.

Yeye hawakumgusa. Walimgusa Ambokile. Alikuwa anatoka kupimisha chai, kikapu kitupu mgongoni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Vijana walimzuia njiani wakamuuliza aliuza ngozi ngapi na hela ameficha wapi. Alifikiri wanatania. Wanasema alicheka. Walimwacha kando ya mfereji, akaokotwa na waliokuwa wanatoka kwenye kwaya, akafia hospitali siku ya Alhamisi.

Nilikwenda msibani. Daktari nilimwambia asije, akanisikiliza. Niliporudi nilimkuta amekaa palepale nilipomwacha, kwenye kiti kilichotazama kabati, na chai niliyomwachia ikiwa imeganda utando. Aliuliza kitu kimoja tu. "Walimzika amevaa shati gani?" Nikamwambia jeupe. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo kubwa.

Baada ya matanga alikuja kwangu mzee wa kanisa wa Lupepo. Alikataa kuketi. "Mwalimu," alisema, "sisi hatusemi Dakitali ameua. Tunasema ngosi za watu ziko kwake. Kama hajaziusa, azirudishe. Wenyewe wazione kwa macho. Bila hivyo hawa vijana hawataacha, na atakayefuata sijui atakuwa nani."

Nilizipeleka habari hizo ng'ambo ya ua. Daktari alisimama mbele ya kabati akiwa amenipa mgongo.

"Unajua unachoniambia?"

"Najua."

"Hapana, hujui. Nikizitoa zile, ile miaka yote haipo. Siwezi kwenda tena kuomba nyingine. Hakuna atakayeomba tena hapa, mimi wala mwingine. Na wale wanaowashwa wataendelea kuwashwa mpaka wafe, na watoto wao watakwenda kuchuma." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini sikuzinunua. Walinipa. Mtu aliyekupa kitu ana haki ya kukiulizia."

Tulivipanga vichupa kwenye tenga, katikati ya majani makavu ya mgomba ili visigongane. Alikataa nimsaidie kubeba. Tulitembea mpaka Lupepo, mzee wa kanisa mbele, mimi nyuma, yeye katikati na tenga kichwani, shingo imenyooka, na mvua nyembamba ya kwetu isiyokwisha ikitunyeshea.

Nyumba kwa nyumba alisema maneno yaleyale, nami nikayatafsiri: "Hii ni ngozi yako. Ulinipa. Sijaiuza. Nakurudishia. Ndaga."

Wengine walishangaa. "Hiki tu?" kijana mmoja aliuliza, akikitikisa kichupa mbele ya jicho. Bibi mmoja alikipokea kwa mikono miwili, akaagiza kifungiwe ndani ya sanduku lake la nguo. "Siku yangu ikifika nitasikwa mtu msima," alisema, yaani atazikwa akiwa kamili, na sisi tuliomwelewa tukacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile. Baba mmoja alikikataa kabisa. "Mimi nilikupa, Daktari. Kaa nacho, endelea na kazi yako." Niliona mkono wa Daktari unarudi nyuma kidogo, kichupa kimo ndani ya kiganja. Mzee wa kanisa akakohoa. "Zote," alisema. Daktari akaufungua mkono. Yule baba akakitia mfukoni mwa shati bila kukitazama, akaenda kufungua mbuzi wake.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya marehemu. Mjane wake, Tusekile, alikuwa amekaa mkekani, kanga nyeusi begani. Daktari alipiga magoti. Nilijiandaa kutafsiri, lakini alinyoosha mkono tu. Tusekile alikipokea kichupa, akakielekeza kwenye mwanga wa mlango. Kile kipande kilikuwa kinazunguka polepole ndani ya maji yake.

"Hii ni ya wapi?" aliuliza kwa Kiswahili.

"Begani. Bega la kushoto, kwa nyuma."

Tusekile alitazama sana. "Hapo," alisema, "nilikuwa namkuna mimi. Mkono wake haukufika. Akirudi kutoka shamba anakaa hapa, mimi namkuna, yeye ananiambia habari za huko." Akageuza kichupa upande mwingine. "Ulisema utamponya."

Mimi sikutafsiri, kwa kuwa hapakuwa na cha kutafsiri. Daktari alibaki amepiga magoti. Ile ndaga, iliyokuwa imemfaa kwa kila jambo, haikutoka.

Tulikwenda nyuma ya nyumba, penye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Tusekile alichimba kwa vidole, akamimina, akafukia, akaupigapiga udongo kama mtu anayepanda mbegu ya boga. Kile kichupa kitupu akamrudishia Daktari. "Hiki si chetu," alisema.

Tangu siku hiyo hakuna jiwe lililoanguka juu ya bati lake, na hakuna mtu mwingine aliyepigwa kule. Mzee wa kanisa alisema kweli. Lakini kuna kitu kingine kilianza. Nilimwona Daktari kwanza kupitia ule ua: amesimama kwenye fremu ya mlango, anasugua bega la kushoto kwenye mbao, juu chini, juu chini, macho yametazama mbali. Nikadhani ni mdudu. Kesho yake tena. Gauni zake zikaanza kulika mahali pamoja. Nilimwambia anionyeshe, akakataa, kisha siku moja akanionyesha. Hapakuwa na upele wala alama ya kuumwa na kitu, ila michubuko ya mbao tu.

"Mishipa ya fahamu inajifunza," alisema, akipandisha gauni. "Inaweza kujifunza habari ambayo haikutumwa. Naweza kukuchorea njia yake yote, kutoka hapa mpaka kichwani." Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Mchungaji wenu, huwa anaombea watu majumbani?"

Mchungaji alikuja, akaomba. Sikumuuliza kama ilisaidia.

Aliondoka Tukuyu bila kuaga wengi. Nilisikia amepata nyumba ndogo Masoko, karibu na ziwa, na kwamba anatibu watoto upele. Nilikawia kwenda. Nilistaafu kwanza, nikamzika mume wangu, ndipo nikaenda, na ndizi mkungu mmoja kama ilivyo desturi.

Alikuwa amekonda, nywele nyeupe zimekatwa karibu na ngozi. Nyumba ilinuka mafuta ya salfa. Sikuona kabati. Aliniwekea chai, tukaongea habari za watu: nani amefariki, nani amejenga. Kisha akaniambia kwamba amewahi kupata mgeni, kijana mtafiti wa chuo kikuu, mpole, mwenye kompyuta ya kubeba. Alikuwa amesikia habari za wachuma chai wa Rungwe. Siku hizi, alimwambia, kuna vyombo ambavyo kwa kipande kimoja tu cha ngozi ya zamani vinaweza kusema kila kitu. Akauliza vipande viko wapi.

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia viko ardhini. Viko masandukuni mwa vikongwe, viko chooni, vingine walikula kuku. Akashika kichwa. Akasema, Profesa, hiyo ni hasara kubwa. Nikamwambia hapana, mwanangu, si hasara. Nikamwambia mtu kwanza, elimu baadaye. Akaandika maneno hayo. Aliyapenda sana."

Alizungusha kikombe chake. Nje, ukungu ulikuwa umelifunika ziwa, hata ukingo hauonekani.

"Nilimdanganya, Mwalimu," alisema. "Ni hasara. Kila siku inayopita ni hasara. Nikifumba macho naviona vyote, na majina yake, na nilikuwa karibu kiasi hiki." Alinionyesha kwa vidole viwili vilivyokaribia kugusana. "Na ningerudishiwa siku ile, ningelibeba lile tenga tena. Hayo yote mawili ni kweli, na hayapatani, na nimeacha kuyalazimisha."

Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka jinsi alivyo, nikaacha.

Mlangoni kukasikika hodi ya kike, ya chini. Mama mmoja alikuwa amefika kibarazani, kofia ya wachuma chai bado kichwani, mikono ameificha ndani ya kanga. Alisema kwa aibu kwamba ameelekezwa hapa. Kule hospitali wamemwambia haumwi kitu, ngozi yake ni nzima.

Daktari aliweka kikombe chini. Alikwenda kwenye beseni, akanawa mikono taratibu mpaka viwikoni, akaikausha, akavuta viti viwili na kuvitazamanisha.

"Pita ndani, mama," alisema. "Kaa hapa karibu. Niambie, inawasha wapi?"